Tairi jipya lililozeekea depo: nambari nne ambazo hatuzisomake

Leo siandiki juu ya mihogo wala magonjwa ya migomba. Ninaandika juu ya pneu. Najua ni ajabu kidogo kwa mtu wa agronomia, lakini mukisoma mpaka chini mutaona kama hata pneu ni mazao ya shamba, na historia yake inatuhusu sisi Wakongomani kuliko watu wengi wa dunia hii.

Tuanzie barabarani. Mwaka 2022 nilikuwa ninafanya kazi na koperative moja ya walimaji wa mpunga na mahindi katika tambarare ya Ruzizi. Tulikuwa na gari moja tu, Hilux ya zamani, na matairi yake manne yalikuwa yamekwisha mpaka kuwa laini kama sahani. Komite ikanipa pesa, nikapanda Bukavu kununua. Saizi ile haipatikane kila duka. Nilizunguka asubuhi nzima, mwisho nikayapata kwenye depo moja: manne, meusi, yanang'aa, karatasi ya alama ingali imebandikwa juu. Muuzaji akanionesha vile vinywele vidogo vya mpira vinavyotoka kwenye tairi lisilowahi kukanyaga barabara. Akaniambia: «Agronome, iyi iko mupya kabisa, haiyatembea hata kilometa moja.» Nikalipa, nikachukua fakitire, nikatia sahihi kama nimepokea matairi mapya manne. Ile sahihi iko pale mpaka leo kwenye farde ya koperative.

Hayakumaliza miezi mine. Ilikuwa mwezi wa saba, saa nane ya mchana, kati ya Bwegera na Luberizi. Wanaojua ile sehemu wanajua joto lake. Nyuma kulikuwa magunia ya mahindi na bamama watano juu ya magunia. Tukasikia kelele kama mtu anapiga turubai na fimbo, pa-pa-pa-pa, kisha ngozi yote ya juu ya tairi la nyuma ikabanduka nzima, gari ikakwenda kando, ikaingia kwenye mufereji. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Lakini mama mumoja alivunjika mufupa wa bega, na msimu ule hakulima.

Shofere wetu, muzee aliyeanza kuendesha wakati wa Zaïre, hakusema kitu kwanza. Tulipomaliza kuwashusha bamama, alichuchumaa, akapangusa vumbi kwenye ubavu wa lile tairi, akatafuta, akatafuta, akaniita. Kulikuwa duara ndogo ya mviringo na ndani yake nambari nne: 0913. Akasema: «Juma la kenda, mwaka 2013. Agronome, ulituletea pneu ya miaka kenda.»

Nilikuwa na licence mfukoni, na sikuwahi kujua kama tairi liko na tarehe ya kuzaliwa.

Sasa, muuzaji alisema uongo? Nilijiuliza hivyo siku nyingi. Lile tairi kweli halikuwa limetembea. Swali ni kwa nini sisi tunaamini kama kitu cha mpira kisichotumika hakizeeke. Historia ya mpira inasema kinyume tangu ukurasa wa kwanza. Kabla mpira haujajulikana kwa kuishia barabarani, ulijulikana kwa kuharibikia depo.

Miaka ya 1830 kule Marekani watu waliingiwa na wazimu wa kaushu. Makampuni yalitengeneza viatu, makoti, kofia, yote ya mpira mbichi kutoka Brazil. Baridi ilipokuja, vitu vikakauka na kuwa vigumu kama ubao. Joto lilipokuja, vikayeyuka na kunuka. Kampuni moja kubwa, Roxbury India Rubber Company, ilirudishiwa bidhaa nyingi sana zilizooza. Ndipo mwaka 1834 mtu mumoja mwenye madeni mengi, Charles Goodyear, aliingia dukani kwao na wakamwonesha lile tatizo. Tangu siku ile hakuwaza kitu kingine.

Kisa kimoja cha Goodyear kinanichekesha na kinaniumiza kwa pamoja. Alifikiri amepata dawa, akatumia asidi kukausha uso wa mpira. Serikali ikamupa komande ya mifuko 150 ya posta. Akaimaliza, mizuri, akaiacha ndani ya chumba chenye joto, akaenda kupumzika majuma kadhaa. Aliporudi, mifuko ilikuwa imeanza kuyeyuka na kunatana. Haikuwa imebeba hata barua moja. Haikuwa imetembea hata kilometa moja, kama alivyosema muuzaji wangu.

Mwaka 1839 ndipo alipata jibu la kweli, mpira ukichanganywa na salfa (ile soufre ya kemia) kisha ukapigwa moto mkali. Tunaita kazi hiyo vulkanizasyo. Marekani walimupa hati yake mwaka 1844. Uingereza Thomas Hancock naye aliipata karibu wakati ule ule, na wakapelekana tribinali. Goodyear alikufa mwaka 1860 angali na madeni. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898, wakati yeye alikuwa ameisha kufa zamani, na jamaa yake hawakuwa ndani.

Kilichofanyika ndani ya mpira ni hiki. Mpira ni nyuzi ndefu sana za kaboni na hidrojeni, zinateleza moja juu ya nyingine kama tambi ndani ya sahani. Salfa inajenga madaraja kati ya uzi na uzi, na njo maana mpira unavutika na kurudi. Vizuri. Lakini katika zile nyuzi kunabaki sehemu dhaifu, vifungo viwili viwili, ambavyo oksijeni ya hewa inavipenda. Oksijeni inaingia polepole, inakata nyuzi mahali fulani, inafunga madaraja mapya mahali pengine. Mpira unakuwa mgumu, unapoteza ule uvutikaji. Goodyear alipunguza mwendo wa kuharibika, hakuusimamisha. Tena mulisoma wote kwenye kemia ya mwaka wa kwanza kanuni ile ya mkono: joto likiongezeka kwa digri 10, mwendo wa kemia unakaribia kuwa mara mbili. Fikirieni depo la manjanja saa nane ya mchana, pale Uvira.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1888 daktari wa mifugo mumoja wa Belfast, John Boyd Dunlop (kwa hiyo jirani wa kitivo chetu), alipata hati ya tairi lenye hewa ndani, baada ya kulijaribu kwenye kibaiskeli cha mtoto wake. Robert William Thomson alikuwa amelifikiria tangu 1845, lakini wakati wake hakukuwa na baiskeli za kutosha kulinunua. Wakati wa Dunlop zilikuwepo. Baiskeli kwanza, magari nyuma yake, na ghafla dunia yote ikataka mpira.

Na mpira ulikuwa wapi? Brazil, na kwetu. Hapa sitasema mengi, wote tulifundishwa sekondari, ijapo mara nyingi kwa kurasa mbili tu. Léopold II alikuwa amejipatia Kongo mwaka 1885. Huku kwetu mpira haukutoka kwenye hevea, ulitoka kwenye mitambaa ya porini, Landolphia, inayopanda juu ya miti. Watu walilazimishwa kuingia porini kutimiza kilo zilizopangwa. Bibi zao walifungwa kama dhamana, fimbo ya ngozi ya kiboko ilitumika, mikono ilikatwa. Ripoti ya Roger Casement ilitoka mwaka 1904, na mwaka 1908 Ubelgiji ikachukua koloni mikononi mwa mfalme. Kitu ambacho agronome anaongeza ni kwamba mutambaa ule ukikatwa kwa haraka unakufa. Kwa hiyo kila kilo ilisukuma watu mbali zaidi porini kutafuta mitambaa mingine. Ukatili ule ulikuwa na hesabu ya mimea ndani yake.

Mbio zile za mpira wa porini zilimalizwa na mbegu. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa Brazil mbegu za hevea karibu 70 000, akazipeleka kwenye bustani ya Kew, London. Zilizoota hazikufika 3 000. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu, kwa sababu ni somo letu kabisa. Mbegu ya hevea haivumilie kuwekwa, inapoteza uzima kwa majuma machache tu, si kama mahindi. Na zile chache zilizoota ndizo zilizojaza Asia, na kabla tu ya vita vya kwanza vya dunia mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umeushinda ule wa porini. Baadaye Wabelgiji nao walipanda hevea huku, na Yangambi, kituo cha INEAC kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliifanyia utafiti.

Niruhusuni hapa nijilaumu kidogo. Mimi ndiye niliyewafundisha walimaji wasinunue mbegu bila kusoma etikete. Nambari ya lot, mwaka wa kuvuna, asilimia ya kuota. Nilikuwa ninawaambia bamama: gunia zuri si mbegu nzuri, uliza imekaa depo miaka ngapi, imekaa kwenye joto gani, kwenye unyevu gani. Nilisema hivyo kwenye kila mafunzo. Kisha nikapanda Bukavu na pesa yao, nikanunua kitu kilichotoka kwenye mti, nikakitazama kwa kung'aa kwake.

Matairi ya kwanza hayakuwa meusi. Yalikuwa meupe-meupe, rangi ya mpira na unga wa zinki. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye viwanda waligundua kama masizi meusi yakichanganywa na mpira, tairi linavumilia barabara mara nyingi zaidi, tena masizi yanazuia mwanga wa jua usipenye. Baadaye wakaongeza kemikali za kupigana na oksijeni, na kuanzia miaka ya 1950 kemikali za kupigana na ozoni, ile hewa kali inayotokea hata kwenye cheche za umeme. Ozoni inapenda mpira uliovutwa au uliokunjwa. Njo maana wataalamu wanashauri matairi yawekwe mahali pa giza, pakavu, pasipo joto, na mbali na moteri za umeme na mashini za kusudia. Ninawaambia nilichokiona niliporudi kwenye lile depo: matairi yamepangwa mpaka dari, yale ya chini yamebanwa kama mukate, kwenye mulango kuna jenereta, na ukuta wa pili kuna sudere anayefanya kazi kutwa nzima.

Zile kemikali zenyewe si bure. Ile inayotumika sana inaitwa 6PPD. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa Marekani walionesha kama ikikutana na ozoni inageuka sumu inayoua samaki wa aina ya salmon kwenye mito, baada ya mvua kuosha barabara. Mwenye kutafuta sujet ya mémoire juu ya maji ya Ruzizi na alichukue hilo, ni la bure.

Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza umri wa tairi. Sababu ni nyepesi: matairi ya kwanza yalikwisha baada ya kilometa elfu chache. Barabara iliyaua kabla uzee haujafika. Mambo yalibadilika na Michelin, iliyopata hati ya tairi la radial mwaka 1946 na kulipeleka sokoni mwaka 1949. Ndani ya tairi hili kuna mikanda ya chuma chini ya ile ngozi inayokanyaga barabara. Likawa linadumu sana. Mtu asiyetembea mbali anaweza kukaa nalo miaka kumi na mistari yake ingali mirefu. Hapo uzee ukapata nafasi. Tena ukapata mahali pabaya kabisa: mpira mwembamba ulio kati ya mkanda wa chuma na mkanda wa chuma. Pale hakuna jicho linalofika. Nje unaona weusi na mistari, ndani ule mpira umekauka. Siku ya joto, mzigo mzito, mwendo wa haraka, mikanda inaachana na ngozi inabanduka. Pa-pa-pa-pa.

Na zile nambari nne zilitoka wapi? Musifikiri ziliwekwa kwa ajili ya mununuzi. Marekani ilitunga sheria kubwa ya usalama wa magari mwaka 1966, na mwaka 1971 ikalazimisha kila tairi liandikwe nambari ya utambulisho inayoanza na herufi DOT. Kusudi lilikuwa moja: kiwanda kikikosea, kiweze kuyaita matairi ya juma lile yarudi. Kwa hiyo waliandika kwa lugha ya kiwanda. Nambari zilikuwa tatu tu, mbili za juma na moja ya mwisho wa mwaka. Tairi lenye 239 lilikuwa la juma la 23 la 1979 au la 1989, chagueni. Miaka ya 1990 matairi mengi yaliongezewa pembetatu ndogo pembeni kuonesha ni ya muongo ule. Mwaka 2000 ndipo zikawa nne: juma, kisha mwaka. Hata leo nambari nzima inaweza kuwa upande mumoja tu wa tairi, na fundi akilifunga vibaya, au bila kujali, tarehe inatazama ndani, chini ya gari. Mpaka ulale chini kwenye vumbi ndipo uione.

Mwaka ule ule wa 2000 ndio ulioamsha dunia. Mwezi wa nane Firestone iliita matairi milioni 14,4 yarudi, mengi yalikuwa kwenye magari ya Ford Explorer. Ngozi zilikuwa zinabanduka na magari yanapinduka. Kule Marekani peke yake walihesabu wafu zaidi ya 270. Chanzo hakikuwa uzee peke yake, kulikuwa ubishi mkubwa kati ya mwenye gari na mwenye tairi, juu ya uundaji, juu ya hewa ndogo ndani ya tairi. Lakini ajali zilirundikana kwenye majimbo ya joto kama Texas, Arizona na Florida, na nje ya Marekani zilionekana Venezuela na Saudi Arabia. Tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 2000 sheria mpya ikatiwa sahihi, wanaiita TREAD, na ofisi yao ya usalama barabarani, NHTSA, ikaanza kuchunguza uzee wa matairi kwa kweli. Ilikusanya matairi Phoenix, mji wa jangwa, na kupima mpira wa ndani. Kitu kimoja kilichotoka humo kinafaa tukikumbuke: hata tairi la akiba, lile la secours lililofungwa nyuma na halitembee, nalo lilikuwa linazeeka.

Niseme haki hapa, kwa sababu wauzaji nao wako na neno lao. Tairi lililo depo, halina hewa ndani, liko kwenye giza na baridi, linazeeka polepole kuliko lile lililo kwenye gari. Hewa iliyobanwa ndani inasukuma oksijeni kupita kwenye mpira kutoka ndani kuja nje, na joto la barabara linaongeza. Kwa hiyo miaka mitatu ya depo zuri si hatari. Wajerumani wanahesabu tairi kuwa jipya la kiwandani mpaka miaka 3, na mpaka miaka 5 bado linauzwa kama halijatumika. Mwaka 2001 chama cha wenye viwanda vya mpira Uingereza kilitoa shauri kali zaidi: tairi ambalo halijatumika lisifungwe tena kwenye gari likizidi miaka 6, na lolote litolewe likifika 10. Mwaka 2005 Ford nayo ikaanza kuwaambia wateja wabadilishe baada ya miaka 6. Viwanda vingine vinasema 10 na kukagua kila mwaka baada ya 5. Hawapatane, lakini hakuna hata mumoja anayesema umri si kitu. Tairi langu la miaka kenda lilipita shauri la Waingereza kwa miaka mitatu kabla halijaguswa na barabara.

Kumbe hata huko kwa matajiri jambo hili halikuisha kwa karatasi. Mwaka 2008 televisheni ya ABC ya Marekani ilitembea kwenye maduka na kukuta matairi yanauzwa kama mapya kumbe yamelala miaka mingi. Mwaka 2012, kusini mwa Uingereza, basi lililokuwa linarudisha vijana kutoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele, watu watatu wakafa, shofere na vijana wawili. Tairi lilikuwa na miaka zaidi ya 19, na wakati ule sheria haikulikataza. Mama wa kijana mumoja alihangaika miaka na miaka mbele ya wabunge. Tangu tarehe 1 mwezi wa pili 2021 matairi yaliyozidi miaka 10 yamekatazwa kule kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Mama yule alimupoteza mtoto 2012, sheria ikaja 2021. Hesabuni wenyewe.

Wapenda filamu za magari munamukumbuka Paul Walker, aliyekufa mwezi wa 11 mwaka 2013. Porsche ile ilikuwa inakimbia kupita kiasi, hiyo polisi ilisema wazi. Lakini ripoti yao ilisema pia kama matairi yalikuwa na miaka 9. Gari la thamani ile, na kilometa chache sana.

Sasa huku kwetu. Miaka ya 1970 Goodyear ilikuwa na usine ya matairi Kinshasa. Leo kila pneu niliyoiona kwenye maduka ya Bukavu na Uvira imevuka bahari, ikapita Mombasa au Dar es Salaam ndani ya kontena, ikakaa mpakani, ikapakuliwa, ikapangwa. Wafanyabiashara wetu wengi wananunua Dubai. Na pale Emirati gari lenye tairi lililozidi miaka 5 linakataliwa kwenye kontroli. Unaweza kujiuliza tairi lililobaki kwenye stoku yao mpaka miaka ile linakwenda wapi.

Nilikwenda kumuuliza muuzaji. Sikwenda na polisi, nilikwenda na kile kipande cha ubavu chenye 0913. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alikitazama sana. Akasema ile lot aliichukua kwa bei ndogo, yote kwa pamoja, kwa sababu saizi zile haziendi haraka. Akaniuliza: «Na hii 09 ni nini?» Nikamwelezea. Akaingia ndani na lampe ya telefone, akaanza kusoma tairi moja moja, mimi niko nyuma yake. 2218. 4012. 0913, 0913, 0913. 1520. Alipofika kwenye zile za dirishani, zilizokuwa zinapigwa na jua kila asubuhi, hakusoma kwa sauti tena. Alinirudishia nusu ya pesa. Nusu ya pili alisema tayari imekula na faida yake, na sikuwa na nguvu ya kubishana. Yale mengine ya 0913 sikujua aliyafanyia nini, na sitajifanya kama nilijua.

Pesa ile komite iliamua ipewe yule mama. Haikutosha hata kulipa hospitali na watu wa kumulimia shamba, tukachanga, na mimi nikatoa mshahara wa mwezi mumoja. Hakunikasirikia. Aliniambia tu: «Mwanangu, si ulitufundisha kusoma etikete?»

Tulinunua mengine, mara hii shofere alikuja na mimi. Muuzaji wa duka lile jingine alishangaa kumuona muzee anapiga magoti na kuzungusha kila tairi kutafuta ile duara. Mawili aliyakataa. Manne tuliyopata yalikuwa ya mwaka mumoja na nusu, tulilipa zaidi, na komite ilinung'unika.

Siku ya kuyafunga, muzee akasema tushushe na lile la secours lililo chini ya karoseri, tulioshe, tuone na lenyewe. Hilo ndilo tulilolifunga siku ya ajali ili tufike Uvira na mama aliyevunjika bega, kilometa nyingi kwenye joto lile. Akapangusa ubavu. Nambari zilikuwa tatu, na pembetatu ndogo pembeni: 427. Juma la 42, mwaka 1997. Mimi nilikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama.